Tabuleti Haiioni Runinga

Msikilizaji, umegusa alama ya kurusha picha, tabuleti inatafuta weee, runinga kimya. Kabla hujamwita fundi, fungua mipangilio ya vifaa vyote viwili usome jina la Wi-Fi. Mara nyingi utakuta tabuleti imeshika mtandao wa wageni, na ruta nyingi huwazuia wageni wasivione vifaa vya wenyeji. Viunge kwenye mtandao mmoja. VPN nayo izime. Hiyo watu huisahau sana. Bado? Chomoa ruta na runinga kwenye umeme, subiri kidogo, uwashe ruta kwanza.

Picha ikija inakatakata, jaribu masafa ya 5 GHz, ila ruta iwe karibu. Masafa hayo hushindwa na kuta. Na filamu ikitoa sauti huku kioo ni cheusi, huenda ni kinga ya hakimiliki. Ifungulie kwenye programu ya runinga yenyewe.