Kazi ya Ukindu na Mizani ya Chama

Hotuba iliyosomwa na Katibu huko Kipili, katika sherehe za kutimiza miaka kumi ya Chama Kikuu



Tulipotakiwa kusema mbele yenu leo, tulitazamiwa kusema habari za mahindi, maharage, alizeti na mpunga. Habari hizo Mweka Hazina amekwisha kuzieleza, na hesabu zake mtazikuta katika kitabu hiki hiki. Kwa hiyo tuliomba ruhusa, tukapewa, tuseme juu ya kitu ambacho hakimo katika hesabu zile hata kwa mstari mmoja, ijapokuwa wengi wenu mmeketi juu yake sasa hivi. Twataka kusema juu ya mkeka.

Yuko mama mmoja hapa Kipili, mwanachama wetu kwa mahindi na mihogo yake, ambaye ametuomba tusimtaje jina. Asema kwamba jina lake likitajwa, wenzake watadhani ameongezewa kitu. Basi tutamwita Mama wa Ukindu, nanyi mlio wa hapa mtajua wenyewe ni nani.

Mama huyu huamka kungali giza, kwa sababu ukindu hupenda umande. Jua likikaza, chane hukauka na kukatika mkononi, na ukili uliosukwa kwa chane kavu hukaa vibaya siku zote. Husuka tangu alfajiri mpaka jua linapochomoza juu ya milima, kisha hukunja ukili wake na kwenda shambani. Jioni husuka tena. Kati ya nyakati hizo ukili humfuata kila aendako, umekunjwa kama gurudumu chini ya kwapa: zahanati, kisimani, msibani. Hata katika mikutano yetu mmemwona, mikono inasuka na masikio yanasikiliza. Na aghalabu yeye ndiye akumbukaye aliyoahidi Mwenyekiti mwaka uliopita.

Wako wanachama wasemao kwamba kusuka ni kazi ya kupitisha wakati. Sisi pia tulisema hivyo, mpaka tulipofuatana naye siku moja kwenda kukata ukindu. Tulivuka kwa mtumbwi, tukaingia katika matope mpaka magotini. Yeye hachukui kila jani. Hutafuta lile changa la katikati ambalo halijafunguka, na kwa kila shina hukata moja tu, maana ukikata moyo wote wa mkindu, mwaka ujao utakuja kukuta gogo. Tulipotaka kukata la pili katika shina moja ili tumalize upesi, alitupiga mkono kama apigavyo mtoto aliyegusa chungu cha moto.

Majani hayo huanikwa juani na kuachwa nje usiku, siku kadha wa kadha, mpaka yageuke kuwa meupe. Ndipo huchanwa kwa ncha ya sindano, chane moja moja, zote za upana mmoja. Zile za rangi huchemshwa katika sufuria na rangi ya unga inunuliwayo dukani. Kisha kusuka kwaanza. Mkeka wa kulalia wa futi sita kwa nne wataka ukili wenye upana wa vidole vitatu na urefu wa pima 24 hivi, nao husuka pima moja na nusu kwa siku akiwa na afya na kama hakuna mgonjwa nyumbani. Mwisho ukili huunganishwa ubavu kwa ubavu kwa sindano kubwa, ambayo watu wa pwani huiita shazia, na kingo hufungwa kwa taraza. Juu ya taraza tutarudi baadaye, maana hiyo ndiyo iliyotuokoa.

Tulikaa naye tukapiga hesabu. Siku moja ya kukata, siku moja ya kuchana na kutia rangi, siku 16 za kusuka, siku tatu za kushona na kutia taraza: jumla siku 21. Mnunuzi ajaye gatini humpa shilingi 20,000. Ukitoa 4,000 za rangi na za mtumbwi, zabaki 16,000, yaani shilingi 762 hivi kwa kila siku. Mkeka ule ule tuliukuta Sumbawanga ukiuzwa shilingi 35,000, wala muuzaji hakujua ulikotoka. Alisema ni wa Kigoma.

Sasa hatuna budi kusema habari tusizopenda kuzisema mbele ya wageni.

Katika mwaka wa tatu wa chama chetu, mama huyu alikuja ghalani na mikeka minne kichwani. Siku ile tulikuwa tukipokea mahindi na foleni ilikuwa ndefu. Tulimwamkia, "Shikamoo, mama," naye akaitikia, akatua mzigo. Daftari la mapokezi lilikuwa na nafasi ya jina, ya zao, ya daraja na ya kilo. Hatukujua tumwandikeje. Basi tuliichukua mikeka, tukaiweka juu ya mizani.

"Mwanangu," akauliza, "mkeka wangu una kilo ngapi?"

Tukamjibu kwamba mmoja hautimizi hata kilo mbili.

"Kumbe debe la mahindi lina uzito kuliko miezi yangu mitatu."

Watu walicheka. Sisi pia tulicheka, tukaandika "mengineyo" pasipo kilo, pasipo bei, pasipo stakabadhi. Baada ya siku chache habari zikaenea kwamba chama chapokea mikeka, wakaja kina mama wengine 11. Wote tuliwaandika "mengineyo". Mikeka ikafika 46, ikalazwa katika pembe ya ghala, nyuma ya magunia.

Mfanyabiashara mmoja alichukua mikeka 27 kwa ahadi ya kulipa mwisho wa mwezi. Alilipa tisa, kisha simu yake haikupatikana tena. Fedha za ile tisa tulizigawa kwa kubahatisha, kwa kuwa daftari halikuonyesha ni mikeka ya nani iliyouzwa. Mikeka 19 iliyobaki ilipata mvua iliyopenya kwenye bati, ikaota kuvu, na iliyopona kuvu ikatafunwa na panya waliofuata mahindi. Mwanachama akileta gunia likaharibika mikononi mwetu, hutuonyesha stakabadhi nasi twamlipa. Kina mama hawa hawakuwa na karatasi yo yote. Walikuja mara mbili, mara tatu, kisha wakaacha kuja. Kunyamaza kwao tulikuhesabu kuwa ni kuridhika, na kosa hilo twaliona kubwa kuliko lile la bati.

Mwaka jana Mama wa Ukindu alikuja mwenyewe, akaomba aonyeshwe ile mikeka 19. Tuliitoa nje, tukaitandika uani huku tumeinamisha vichwa. Akapita juu yake pole pole, akigusa kingo kwa kidole cha mguu. "Huu wangu. Huu wa jirani yangu, yeye hurudisha chane kushoto. Huu wa marehemu, mpelekeeni binti yake." Kila mkono una taraza yake, nasi tulikuwa tumeketi miaka juu ya daftari tusilojua kulisoma. Kutoka hapo tuliwaita wote, kila mmoja akataja idadi aliyoleta, na hesabu ikaja 46 kamili bila kupungua wala kuzidi. Kwa hiyo leo twajua. Chama chadaiwa mikeka 37 ya watu 12, ambayo kwa bei ya gatini ni shilingi 740,000. Fulana za sherehe tulizovaa leo zimegharimu zaidi ya hizo.

Mtauliza kwa nini twalisumbukia jambo la mikeka katika mwambao wa wavuvi na wakulima. Kumbukeni mwaka 2024. Kuanzia tarehe 15 Mei hadi tarehe 15 Agosti uvuvi katika Ziwa Tanganyika ulifungwa ili samaki wapate kuzaliana. Hatusemi kwamba haikufaa. Dagaa na migebuka walikuwa wamepungua, nasi sote tuliona. Lakini miezi mitatu ni mirefu kwa nyumba inayokula kwa wavu. Baadhi ya nyumba hizo tulizipitia. Mahali palipokuwa na mwanamke msusi, unga ulinunuliwa kwa vikapu na mikeka. Mahali pasipokuwa na msusi, watu waliuza taa za kuvulia, na taa ikiuzwa, ziwa likifunguliwa mvuvi hubaki nchi kavu.

Katika miezi ile mjukuu wa Mama wa Ukindu, kijana wa miaka 17 ambaye kazi yake ni kushona nyavu, aliketi karibu na bibi yake akaomba afundishwe. Mama hafundishi kwa maneno mengi. Humpa mwanafunzi chane nne, baadaye saba, humwacha asuke pima nzima, kisha huichukua na kuifumua yote mbele yake, na kumrudishia chane zile zile. Wasichana wawili walilia. Kijana hakulia, kwa kuwa mkono uliozoea wavu hujua kwamba jicho moja baya huharibu mstari mzima. Sasa huja watoto sita kila Jumamosi, nao hukaa chini ya mwembe bila kulipa kitu, ila kila mmoja huleta maji ya kulowanisha ukindu.

Vijana wenzake walimcheka kwamba amekuwa mwanamke. Walikosea, na yafaa waambiwe. Mwezi wa Oktoba 1872, Daktari David Livingstone alipita mwambao huu wa Ufipa katika safari yake ya mwisho. Katika kumbukumbu zake, zilizopigwa chapa London mwaka 1874, aliandika kwamba alikuta pamba ya miti mirefu ipatayo futi saba au nane, na kwamba kabla ya mashambulio ya Wangoni nguo nyingi zilifumwa katika nchi hii, zenye mistari myeusi na myeupe. Nao waliokaa mbele ya mtande wakipitisha mshindio walikuwa wanaume, wazee wa wazee wetu. Kijana yule amerudi katika kazi ya kwao.

Wangoni walipunguza ufumaji ule, na merikani ikaumaliza. Ni nguo iliyofumwa kwa mashine huko Marekani, ikaja Unguja kwa merikebu na kupanda bara kwa mabega ya wapagazi. Baadaye zikaja na za nchi nyingine. Nguo ya mfumi wetu ilikuwa nzito na ya kudumu, lakini ilimtaka akae siku nyingi, nayo merikani ilikuwa imekwisha tayari dukani. Leo mkeka wa plastiki wafanya vivyo hivyo. Wauzwa rahisi, wang'aa, watoto waupenda. Mama wa Ukindu hauchukii. Yeye mwenyewe anao mmoja, huanikia dagaa.

Na ninyi maofisa mtatuwia radhi tukikumbusha mlichotufundisha katika semina. Watu 28 waliofungua duka lao katika mji wa Rochdale, Uingereza, tarehe 21 Desemba 1844, wakiuza unga, siagi, sukari na mishumaa, walikuwamo wafumaji miongoni mwao, watu ambao ujira wao ulikuwa hautoshi chakula. Huko ndiko vyama vya namna yetu vilikotoka. Twaona ni ajabu kwamba vitabu vya chama chetu vina nafasi ya alizeti na havina nafasi ya msusi. Sheria ya Vyama vya Ushirika ya mwaka 2013 haisemi kwamba ushirika ni wa mazao tu. Wenye ufundi wao nao waweza kuandikisha chama cha msingi, na mwezi uliopita kina mama hawa walianza kukusanya viingilio. Wametuuliza kama tutawapokea katika Chama Kikuu. Hatukuwajibu. Tulisema tutawauliza ninyi.

Kwa upande wetu, tumekwisha kuagiza daftari jipya. Lina nafasi ya jina, ya aina ya kazi, ya vipimo kwa futi, ya siku zilizotumika, na ya bei iliyokubaliwa kabla mzigo haujaingia mlangoni. Stakabadhi zake zimepigwa chapa kwa nakala mbili. Pembe ya ghala imejengewa uchaga, na bati limezibwa. Hilo la bati tulilifanya kwa fedha zetu wenyewe tulio ofisini, wala hatutaki kurudishiwa.

Lakini deni la mikeka 37 hatuwezi kulilipa pasipo idhini yenu, kwa sababu ni fedha za ziada ya wanachama wote, wa uwandani pamoja na wa mwambaoni. Mara mbili tumelipeleka mbele ya Bodi, mara mbili likaahirishwa kwa kuwa halikuwamo katika makisio. Twaliomba leo tena, mbele ya mkutano mzima, kabla ng'ombe wa sherehe hajaliwa.

Mkeka uliotandikwa chini ya meza ya Mwenyekiti ni mmoja katika ile 19. Ni wa yule marehemu. Binti yake ametuazima. Upande uliotafunwa na panya tumeuelekeza kwenu makusudi. Orodha ya majina 12 iko juu ya meza, na Mweka Hazina anayo kalamu.