Shule ya Kijiji na Haki ya Mzazi Kuuliza

(Mada iliyotolewa kwa viongozi wa walei katika semina ya Tume ya Haki na Amani)





Nimeombwa nizungumzie shule zetu za msingi za vijijini. Wengi wenu mnazijua kuliko mimi, kwa kuwa watoto na wajukuu wenu wamo humo kila siku. Kwa sababu hiyo sitatumia muda wenu kusimulia madawati yaliyovunjika na vyoo vilivyojaa. Nataka tutazame jambo moja ambalo kwa maoni yangu limelala chini ya mengine yote, nalo ni kwamba mzazi wa kijijini ameacha kuuliza. Ukimhoji, atakujibu, "Elimu ni bure, shule ni ya Serikali." Maana yake ni kwamba asiyetoa kitu hana la kusema. Fikra hiyo ni potofu, nayo inawaumiza watoto.

Tukumbuke tulikotoka. Wazee waliopo hapa wanakumbuka shule za misheni, ambazo waumini walizijenga kwa kubeba mawe na kufyatua matofali. Kwa sheria ya mwaka 1969 Serikali ilizitwaa shule za mashirika ya dini ili mtoto asinyimwe nafasi kwa sababu ya dini yake. Nia hiyo ilikuwa njema, wala hatuna sababu ya kuilalamikia leo. Mwaka 1974, katika Azimio la Musoma, chama tawala cha TANU kiliamua kwamba ifikapo mwaka 1977 kila mtoto awe na nafasi katika elimu ya msingi. Vijana waliomaliza darasa la saba walichukuliwa kwa maelfu wakafundishwa ualimu huku wakifanya kazi, na vijiji vikajenga madarasa kwa nguvu zao. Tunaweza kuwacheka walimu wale wa UPE, kama wengi walivyofanya, lakini bila wao watoto wengi wa vijijini wasingepata hata mtu wa kuwashikisha chaki.

Baadaye uchumi uliyumba. Katika miaka ya 1980 na 1990 tuliambiwa tuchangie gharama, na idadi ya watoto walioandikishwa ikashuka. Ndipo ukaja Mpango wa Maendeleo ya Elimu ya Msingi, MMEM, wa mwaka 2002 hadi 2006, ulioondoa ada. Hata hivyo michango iliendelea kwa majina mengi: ya mlinzi, ya mitihani, ya dawati. Mwishoni mwa mwaka 2015 ulitoka waraka wa elimu bila malipo, na Januari 2016 watoto wakafurika darasa la kwanza kupita matarajio. Januari 2018 Rais Magufuli alikemea tena michango shuleni na kuipiga marufuku. Hayo yote yalikuwa mambo ya haki. Mtoto hakupaswa kufukuzwa darasani kwa ajili ya shilingi mia tano ya mama yake, na sisi wa Tume tulipaswa kulisema hilo mapema na kwa sauti zaidi kuliko tulivyofanya.

Lakini michango ilipoondoka, mzazi naye aliondoka. Mikutano ya shule ilipungua watu. Hapo ndipo tunapohitaji mafundisho ya Kanisa. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika tamko lake juu ya elimu la mwaka 1965, ulifundisha kwamba wazazi ndio walezi wa kwanza wa watoto wao, na kwamba wajibu huo haurithiwi na mtu mwingine. Kabla ya hapo, mwaka 1931, Papa Pius wa Kumi na Moja alifafanua kanuni ya auni: chombo kikubwa kisinyang'anye kazi ambayo chombo kidogo kinaiweza, bali kikisaidie. Kwa kanuni hiyo, Serikali inapolipa gharama za shule inamsaidia mzazi. Haikuchukua nafasi yake. Mjane yule wa Injili ya Luka hakuwa na cha kumpa hakimu. Alikuwa na haki yake tu, na hodi isiyokoma.

Sasa tuje kwenye fedha, maana hapo watu huinamisha vichwa wakidhani ni mambo ya wasomi. Chini ya MMEM kila mwanafunzi alipangiwa ruzuku ya uendeshaji ya takriban dola 10 kwa mwaka, ikawekwa kuwa shilingi 10,000. Kwa miaka mingi fedha hiyo ilipitia halmashauri, na tafiti zilionyesha mara kwa mara kwamba iliyofika shuleni ilikuwa pungufu sana. Tangu mwaka 2016 ilianza kutumwa moja kwa moja kwenye akaunti ya shule: shilingi 6,000 kwa kila mwanafunzi zikienda shuleni, na 4,000 zikibaki juu kwa ajili ya vitabu. Hayo yalikuwa maendeleo ya kweli. Chukueni shule ya watoto 400: ni shilingi 2,400,000 kwa mwaka, yaani 200,000 kwa mwezi, ambazo ndani yake mna chaki, karatasi za mitihani, michezo na ukarabati. Utaona mara moja mambo mawili. Kwanza, mwalimu mkuu si tajiri, na si haki kumtuhumu wizi kila dirisha linapovunjika. Pili, kila shilingi ikikosekana inaonekana. Tena, elfu kumi ile ya mwaka 2002 haikukua pamoja na bei za vitu. Mwaka 2017 dola moja ilikuwa zaidi ya shilingi 2,200, na elfu kumi ikawa haifiki dola 5. Kupaza sauti kuhusu jambo hilo ni kazi ya Tume, na ni kazi ya kila mbunge anayekuja kuomba kura hapa.

Mahali pa kuuliza papo. Kila shule ya msingi ina Kamati ya Shule, ambayo ndani yake wamo wazazi waliochaguliwa na wazazi wenzao, na mwalimu mkuu ndiye katibu. Kamati hiyo ina haki ya kujua kilichoingia na kilichotoka, na hesabu hiyo inapaswa kubandikwa mahali ambapo kila mzazi anaweza kuisoma. Mara nyingi wajumbe huchaguliwa kwa kunyoosheana vidole: "Wewe huna kazi, nenda wewe." Halafu tunashangaa wanapopiga muhuri bila kusoma. Chagueni mtu anayeweza kuhesabu na asiyeogopa, hata akiwa mama asiye na cheo chochote kigangoni.

Fedha peke yake, hata hivyo, haimfundishi mtoto kusoma. Mwaka 2010 watafiti wa Uwezo walipita nyumba kwa nyumba wakiwapima watoto. Katika watoto wa darasa la tatu, takriban mmoja tu kati ya watatu aliweza kusoma hadithi ya Kiswahili ya kiwango cha darasa la pili. Na kati ya waliokuwa wakimaliza darasa la saba, mmoja kati ya watano alishindwa hadithi hiyohiyo. Miaka saba shuleni! Mwaka 2015 mtaala wa darasa la kwanza na la pili ulibadilishwa ili mkazo uwe kwenye kusoma, kuandika na kuhesabu. Uamuzi huo ulikuwa sahihi. Lakini kanuni ya watoto 45 darasani hubaki karatasini pale mwalimu mmoja anapokabidhiwa mia na ishirini, na shule nyingi bado hupeleka walimu wao hodari darasa la saba, kwenye mtihani, na kuwaachia wadogo yeyote aliyebaki. Mzazi anaweza kuuliza: nani anafundisha darasa la kwanza, na kwa nini yeye?

Wala huhitaji shahada kupima. Katika jumuiya, mpe mtoto wa darasa la tatu aya moja ya Kiswahili asome mbele ya wazazi wake, kwa upole, bila kumwaibisha. Mkiona watano kati ya sita wanababaika, mnalo jambo la kupeleka kwa mwalimu mkuu, na halitakuwa umbea.

Kuna pia uji. Waraka wa mwaka 2016 uliacha chakula cha mchana, sare na madaftari mikononi mwa mzazi. Kijiji kinaweza kukubaliana kutoa mahindi wakati wa mavuno, kwa hiari na kwa kibali kinachotakiwa, mradi mtoto wa asiye na shamba anywe uji uleule kwenye foleni ileile. Pale sharti hilo linapovunjwa, mchango wa hiari umegeuka kuwa ada.

Na mwalimu je? Binti anayepangiwa kijiji kisicho na nyumba ya kupanga ataomba uhamisho kabla mvua hazijaisha. Vigango vingine vina nyumba ya katekista iliyofungwa mwaka mzima. Sitasema zaidi juu ya hilo; wenyeviti wa vigango wamenielewa.

Baada ya chai tutagawanyika kwa vigango. Kila kikundi kinaombwa kijadili haya: ni nani wajumbe wa Kamati ya Shule ya kijiji chenu, na ni wangapi kati yenu mnaowajua kwa majina? Hesabu za ruzuku zilibandikwa mara ya mwisho lini, na wapi? Ni nani atakwenda kuuliza kabla shule haijafungwa, na atafuatana na nani? Katibu wa kila kikundi aandike majina ya waliokubali, si maazimio tu.