Pimeni Maji Kabla ya Kubandika Sakafu



Leo twataka kusema nanyi juu ya jambo liwaletealo mafundi wetu lawama: sakafu inayobanduka. Vigae vya plastiki huinuka pembeni, vibao vya mbao huvimba. Mwenye nyumba humlaumu kontrakta, kontrakta humlaumu mnyapara, na mnyapara humshika fundi aliyebandika. Kumbe mara nyingi sababu ni maji yaliyobaki ndani ya zege.

Zege hukauka juu kwanza. Ukiligusa ni kavu, na ndani bado bichi. Kadiri ya kawaida ni mwezi mmoja kwa kila inchi ya unene. Basi zege la inchi 4 lataka kama miezi 4, na zaidi wakati wa masika au kule pwani kwenye hewa ya majimaji.

Kipimo cha kwanza ni rahisi. Chukueni karatasi ya nailoni, inchi 18 kila upande, mkaibandike pande zote nne isipitishe hewa. Iacheni saa 16 au zaidi. Mkifunua mkaona matone, au zege limekuwa jeusi, msibandike kitu. Msipoona kitu, msiseme kazi imekwisha, kwani karatasi yaonyesha maji ya juu tu. Kipimo kilicho bora ni cha tundu. Zege la inchi 5 linalokaukia upande wa juu hutobolewa inchi 2, na chombo cha kupima unyevu hutiwa ndani. Mpaka unaotumiwa mara nyingi ni 75 kwa mia, lakini fuateni maagizo ya wenye kutengeneza gundi.

Mkisha pima, andikeni tarehe, chumba na matokeo, na mnyapara atie sahihi. Sheria ya Kazi ya mwaka 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata mshahara, kwa kiasi cha haki, kwa ajili ya mali yake iliyoharibika kwa kosa la makusudi la mfanyi kazi. Fundi aliyepima, akaonya, kisha akaamriwa kuendelea, ataambiwaje kuwa ameharibu kwa makusudi? Lakini asipokuwa na maandishi, itakuwa neno lake na neno la mnyapara.

Kwa hiyo, ndugu, mkilazimishwa kubandika juu ya zege bichi, mpelekeeni mwakilishi wa chama nakala ya kipimo siku ile ile. Heri kungoja mwezi mmoja kuliko kubandua sakafu nzima na kukatwa mshahara.