Beki Kutoka Diepkloof

(Hotuba iliyosomwa na mwenzetu mmoja, mtumishi wa Serikali, baada ya chakula cha jioni katika mkutano wetu wa mwaka.)



Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze usiku huu, alinipa uhuru wa kuchagua jambo lo lote mradi lisiwe la kazini kwangu. Nilimshukuru kwa hilo. Mtu aliyekaa karibu miaka ishirini akiandika madokezo na kujibu mafaili hana mengi ya kuwachangamsha watu waliokwisha kula pilau. Basi nikachagua mpira, na katika mpira nikachagua kazi ya beki. Wale tuliomaliza pamoja kidato cha nne mwaka 1998 mmekwisha kuanza kucheka, na mnachokicheka nakijua. Ndiyo, mimi ndiye niliyeugusa ule mpira kwa kisigino ukaingia golini kwetu siku ya fainali. Golikipa wetu wa siku ile, ambaye sasa ni daktari na ameketi meza ile karibu na dirisha, mpaka leo hajanisamehe.

Nimelitaja mwenyewe ili mwingine asinitangulie. Lakini pia ni kwa sababu linahusu kazi yenyewe. Fowadi akikosa mabao tisa akafunga la kumi, hubebwa mabegani. Beki akizuia tisa na la kumi likampita, hilo la kumi ndilo atakaloulizwa mpaka uzeeni. Sisi tulio maofisini hali hiyo si ngeni kwetu. Faili likienda vizuri hakuna anayeuliza lilipita mkononi mwa nani.

Mtu ninayetaka kuwasimulia ni Lucas Radebe wa Afrika Kusini. Vijana wa kidato cha tano na sita walioketi kule nyuma pengine hawamjui, maana aliacha kucheza mwaka 2005. Sisi tulimjua kwanza kwa redio. Mwezi wa pili mwaka 1996 tulikuwa kidato cha pili, na kaka mmoja wa bweni letu alikuwa na redio ndogo aliyoifunga kwa mpira wa baiskeli ili betri zisitoke. Kwa redio hiyo tulisikia Afrika Kusini ikiifunga Tunisia mabao 2 kwa 0 na kutwaa Kombe la Mataifa ya Afrika katika uwanja wake yenyewe. Mabao yote mawili ni ya Mark Williams, na usiku ule sote tulitaka kuwa Mark Williams. Sikumbuki hata mmoja aliyetaka kuwa Radebe, ingawa katika mechi yenyewe yeye na Mark Fish ndio waliosimama katikati ya ulinzi na Tunisia hawakupata kitu.

Radebe alizaliwa tarehe 12 Aprili 1969 mtaa wa Diepkloof, Soweto, katika nyumba ya watoto kumi na mmoja. Hesabuni wenyewe: mwaka 1976, watoto wa shule wa Soweto walipoandamana na kupigwa risasi, yeye alikuwa na miaka saba. Wenyeji wa Morogoro wanafahamu matokeo ya mwaka ule, kwa sababu vijana wengi waliokimbia walifika kwetu na wakajengewa shule pale Mazimbu. Radebe hakukimbilia nje. Alipokuwa kijana wa miaka kumi na mitano wazazi wake walimwondoa Soweto wakampeleka Bophuthatswana, ili asome mbali na fujo na mabomu ya machozi. Huko ndiko alikoushika mpira kwa dhati, na aliushika kweli, kwa mikono, maana alianza kama golikipa. Likumbukeni hilo, nitalirudia.

Mwaka 1989 alisajiliwa na Kaizer Chiefs, akahamia kwenye kiungo kisha kwenye ulinzi. Mwaka 1991, akiwa mtaani kwao, alipigwa risasi mgongoni. Risasi ikatokea pajani bila kugusa mahali pa hatari. Aliyeifyatua hakujulikana. Watu walisema sababu ni uvumi kwamba anataka kuhama klabu, na kama ni kweli sijui tuuite upenzi wa mpira au tuuite nini. Sisi hapa tukikasirishwa na mchezaji humzomea, tukarudi nyumbani.

Mwaka uliofuata nchi yake ilirudishwa katika mashindano ya dunia, baada ya kufungiwa miaka mingi kwa ajili ya siasa ya ubaguzi wa rangi. Fikirini waliokuwa mabeki hodari kabla yake, waliozeeka bila kuvaa jezi ya taifa hata siku moja mbele ya timu ya nchi nyingine. Radebe alikuwa na miaka ishirini na mitatu. Akaivaa.

Mwaka 1994 Leeds United ya Uingereza ilimnunua kwa pauni 250,000. Husimuliwa kwamba waliyemtaka hasa ni mshambuliaji Philemon Masinga, ambaye sasa ni marehemu, na kwamba Radebe aliongezwa ili mwenzake asikae peke yake ugenini. Ikiwa ndivyo, basi alikwenda Ulaya kama mzigo wa ziada. Miezi ya kwanza ilikuwa migumu. Alipangwa huku na huku, mara pembeni, mara kiungo, mara benchi. Mwaka 1995 kano ya goti ikakatika. Waliowahi kuumia goti hapa wanajua maana yake, nao wengine na wamwombe daktari wetu wa meza ya dirisha awaeleze. Lile kombe nililowasimulia la 1996 alilicheza akiwa ametoka katika jeraha hilo.

Sasa nifike kwenye mechi niipendayo kuliko zote, ingawa alifungwa. Tarehe 17 Aprili 1996 Leeds walikuwa Old Trafford wakicheza na Manchester United, waliokuwa wakiwania ubingwa. Mapema kabisa, katika kipindi cha kwanza, golikipa wa Leeds, Mark Beeney, akatolewa kwa kadi nyekundu. Benchi halikuwa na golikipa wa akiba. Radebe akavaa glovu. Yule mtoto wa Bophuthatswana akasimama golini mbele ya United, wenzake wakiwa kumi tu uwanjani pamoja naye, na akazuia, akazuia, kipindi cha kwanza kikaisha bila bao. Ni Roy Keane aliyemfunga, tena kipindi cha pili kikiwa kimekwenda sana. Bao 1 kwa 0. Mashabiki wa Manchester wenyewe walimpigia makofi. Mimi niliiona mechi hiyo miaka mingi baadaye, katika kanda, nikiwa Chuo Kikuu, na nakiri mbele yenu kwamba nilikuwa na mtihani kesho yake.

Baadaye mwaka ule akaja George Graham kuwa meneja, mtu aliyeipenda safu ya ulinzi kuliko wengine wanavyoipenda safu ya mbele. Akampa Radebe kazi moja: mshike yule, usimwache. Mwaka 1998 akafanywa nahodha. Wapenzi wa Leeds wakamwita Chifu. Sisi tuliofuta uchifu mwaka 1963 tunaweza kutabasamu, lakini Waingereza hao walilitamka jina hilo kwa heshima, na baadaye vijana wa bendi moja ya mji huo wakajiita Kaiser Chiefs kwa ajili ya klabu aliyotoka. Katika mechi 200 za ligi alizoichezea Leeds hakufunga bao hata moja. Mia mbili, na sifuri. Wala hakuna mtu wa Leeds aliyelalamika.

Hapa ndipo penye jambo lenyewe, Ndugu Mwenyekiti. Mtu anayecheza ugenini kwa mshahara na nyumbani kwa bendera ana mabwana wawili, na wote wanamtaka Januari ile ile. Mwanzoni mwa mwaka 2000 Leeds walikuwa kileleni mwa ligi ya Uingereza. Nahodha wao akafunga mizigo akaja Afrika Magharibi kucheza Kombe la Mataifa. Ndivyo alivyofanya miaka yote: kupanda ndege usiku, kucheza kwenye joto, kupanda ndege tena, na Jumamosi kusimama kwenye baridi na tope. Alikuwa nahodha wa nchi yake katika Kombe la Dunia Ufaransa mwaka 1998, na tena mwaka 2002. Jumla aliichezea mara 70. Kila mmoja wa mabwana hao alipata nusu ya magoti yake.

Msimu wa 2000 hadi 2001 akaumia tena, goti na kifundo, na msimu mzima uliofuata hakuichezea Leeds ligi hata mara moja. Vijana, msinipite hapo. Mtu aliyekuwa nahodha, aliyezoea kusikia watu elfu arobaini wakiimba jina lake, alikaa karibu miaka miwili akijifunza kupanda ngazi. Alikuwa na mkataba, mshahara uliingia, na waganga walikuwapo. Ndipo akaweza kupona na kuiongoza nchi yake mwaka 2002. Katika mechi ya mwisho dhidi ya Spain alifunga kwa kichwa, wakawa 2 kwa 2, kisha wakafungwa 3 kwa 2. Walilingana na Paraguay kwa pointi nne na kwa tofauti ya mabao. Paraguay walikuwa wamefunga sita, wao matano. Bao moja! Beki kafunga, na bado limepungua moja.

Mwaka 2001 Mzee Mandela alikwenda Leeds kupewa heshima ya mji. Alipanda jukwaani mbele ya umati akasema anafurahi kuwa Liverpool, na watu wakamsamehe papo hapo. Siku hiyo hiyo alimwita Radebe shujaa wake. Mwaka uliotangulia Shirikisho la Soka la Dunia lilikuwa limempa Radebe tuzo ya uungwana, kwa kazi yake dhidi ya ubaguzi na kwa watoto yatima.

Baada ya hapo klabu ikaanza kuzama kwa madeni. Wachezaji wakauzwa mmoja mmoja, Rio Ferdinand akaenda kwa mahasimu wao Manchester, na mwaka 2004 Leeds ikashuka daraja. Radebe alibaki. Akashuka nao, akakatika kano ya kisigino mwanzoni mwa msimu ule, na mwaka 2005 wakamwaga katika uwanja uliojaa. Alikaa miaka kumi na mmoja katika klabu iliyomchukua kama mzigo wa ziada.

Nimewaeleza yote haya kwa sababu nina kijana nyumbani. Ni mpwa wangu, mtoto wa dada, amemaliza kidato cha nne na ni beki wa kati kuliko nilivyopata kuwa mimi, wala hafungi kwao. Miezi miwili iliyopita dada alinijia na karatasi. Kuna wakala anayetaka kumpeleka nje kwa mkataba wa miaka mitatu, klabu ya daraja la pili, nchi ambayo sitaitaja. Dada alisema, “Kaka, wewe ndiye uliyesoma, tusomee.” Nikasoma. Mshahara umeandikwa. Nyumba imeandikwa. Sehemu ya wakala imeandikwa vizuri sana, kwa tarakimu na kwa maneno. Kuhusu siku atakayoumia goti hapakuwa na neno hata moja, isipokuwa kwamba klabu ina haki ya kuvunja mkataba mchezaji “asipoweza kutoa huduma”. Nikafikiri ile miaka miwili ya Radebe. Nikamwambia dada asitie saini mpaka waandike nani atalipa hospitali, na mshahara utaendelea kwa muda gani.

Wakala akasema atarudi. Hajarudi. Nimempigia simu mara nne, haipokelewi.

Kijana haongei nami. Kwa mujibu wake nimemfungia mlango ambao hautafunguliwa tena, na sina hakika kama amekosea. Radebe mwenyewe, kama angekuwa na mjomba mwenye kusoma karatasi mwaka 1994, pengine mjomba angesema: hawakutaki wewe, wanamtaka Masinga, kaa nyumbani. Nimekwisha kulifikiria hilo usiku mwingi. Kisha nafikiria wale wenzetu wawili watatu mnaowajua, waliokwenda na kurudi wakichechemea, bila hata nauli ya kutoka uwanja wa ndege. Nikiletewa karatasi ile ile kesho nitajibu vile vile, na sitalala vizuri.

Kila alfajiri nikitoka kwenda kazini nakuta njumu zake mlangoni, zina tope bichi. Amekwisha kurudi mazoezini. Nimewaandikia watu wawili wa vilabu vya hapa nchini wamtazame, na mmoja wao yumo humu ndani, amejifanya anakunywa soda. Tutaonana nje, ndugu yangu.

Kesho saa kumi alasiri tunacheza na wanafunzi. Nimeomba namba tano, na daktari amekubali kukaa golini kwa sharti kwamba nisirudishe mpira nyuma.