Hesabu ya Kitalu cha Mtua



Mmetutaka tuseme habari za aljebra, nasi tumeona si vema kuanza na ubao. Tutaanza na kosa letu wenyewe, kwa kuwa ndilo lililotufundisha.

Hapa Mtua majirani zetu walitaka kuotesha miche ya mikorosho. Walikuwa na waya wa uzio mita 100, nao walihitaji kitalu cha mstatili kisichopungua mita za mraba 600. Wakatujia sisi watumishi, tunaohesabiwa kuwa watu wa kalamu, wakauliza ubavu mmoja uwe wa mita ngapi. Tukauita ubavu huo x. Kwa kuwa pande zote nne kwa jumla ni mita 100, ubavu wa pili ni 50 − x. Basi x(50 − x) sharti iwe 600 au zaidi. Hadi hapo tulikuwa salama.

Tukapanga upya, tukapata −x² + 50x − 600 ≥ 0. Kisha tukazidisha pande zote kwa −1, ikawa x² − 50x + 600 ≤ 0. Angalieni kwamba mdomo wa alama umegeuka. Sababu yake si ngumu kwa mtu aliyewahi kukopa dukani: 5 ni zaidi ya 3, lakini mwenye deni la shilingi 5 yu chini ya mwenye deni la shilingi 3, kwa hiyo −5 ni pungufu ya −3. Wengi huanguka hapa. Sisi tulianguka mbele kidogo.

Tulitafuta vigawo, tukaandika (x − 20)(x − 30) ≤ 0. Kisha tukafanya kama tulivyozoea katika milinganyo, ambamo kila kigawo huwekwa sawa na sifuri. Tukasema: x − 20 ≤ 0, na x − 30 ≤ 0, basi ubavu wowote usiozidi mita 20 wafaa. Majirani wakachagua mita 15, maana njia ya miguu ilipita karibu. Wakachimba mashimo ya nguzo katika ardhi ya kiangazi, nanyi mwaijua ugumu wake. Ndipo mzee mmoja, ambaye hakusoma aljebra hata siku moja, akapima kwa hatua zake na kuzidisha: 15 kwa 35 ni 525. Zimepungua mita za mraba 75. Akatuuliza kwa upole sana zimekwenda wapi, nasi hatukuwa na la kujibu.

Kosa lilikuwa hili: hasi mara hasi ni chanya. Vigawo vyote viwili vikiwa chini ya sifuri, zao lake huwa juu ya sifuri, kinyume cha tulichotaka. Ili zao liwe hasi, kigawo kimoja kiwe hasi na cha pili chanya. Chukueni kamba, mpige vigingi viwili, kimoja penye 20 na kimoja penye 30. Kamba imegawanyika mapande matatu. Jaribuni tarakimu moja katika kila pande. Penye 10: 10 kwa 40 ni 400, haifai. Penye 25: 25 kwa 25 ni 625, yafaa. Penye 40: 40 kwa 10 ni 400 tena. Jibu basi si namba mbili, ni nafasi nzima iliyo kati ya vigingi, pamoja na vigingi vyenyewe: 20 ≤ x ≤ 30.

Jaribio hilo la tarakimu moja ni kazi ya dakika mbili, nasi tuliliacha kwa kiburi. Wilaya hii yajua gharama ya kutojaribu: mpango wa karanga ulioletwa Nachingwea baada ya Vita Kuu ya Pili ulihesabiwa tangu 1946 kwa ekari zaidi ya milioni 3, katika Tanganyika na nchi jirani, pasipo kuanza na shamba dogo la majaribio, ukaachwa mwaka 1951.

Kama swali lingetaka eneo lipungue 600, jibu lingekuwa nje ya vigingi: x chini ya 20 AU x juu ya 30. Hapo neno ni «au», wala msiandike 30 < x < 20, kwani hakuna namba iliyo juu ya 30 na papo hapo chini ya 20. Na kama majirani wangetaka mita za mraba 700, tungewaambia waziwazi kwamba waya hautoshi, maana mstatili mkubwa kupita wote ni ule wa 25 kwa 25.

Nguzo ziling'olewa. Sisi wenyewe tulishika majembe siku mbili, na kitalu kikasimama 22 kwa 28, yaani mita za mraba 616, kabla ya mvua.

Sasa twawaachia swali. Waya ni ule ule wa mita 100, lakini ukuta mrefu wa ghala ndio ubavu mmoja, hivyo waya hufunga pande tatu tu. Pande mbili zinazotoka ukutani kila moja ni x, na eneo lisipungue mita za mraba 1,200. Je, x iwe kati ya wapi na wapi? Majibu yapelekwe kwa Katibu, pamoja na tarakimu mlizojaribu.