Kabla ya Kubadili Pikapu

Ndugu msikilizaji, juzi kijana mmoja mpiga gitaa la solo alinisimamisha nje ya ukumbi wa dansi. Anataka kuuza baiskeli yake anunue pikapu mpya. Si gari la mizigo, la hasha, ni kile kifaa kinachokaa chini ya nyuzi za gitaa la umeme.

Pikapu ni sumaku iliyozungushiwa waya wa shaba, mwembamba kama unywele, mara maelfu kadhaa. Uzi wa chuma ukitikisika juu yake, umeme kidogo huzaliwa katika waya huo na kwenda kwenye amplifaya. Pikapu ya koili moja hulia vizuri, lakini hudaka pia mvumo wa umeme wa ukumbini. Mwaka 1955 Seth Lover, mhandisi wa kampuni ya Gibson ya Marekani, alibuni ya koili mbili zinazopingana. Mvumo ukafutika, na mlio ukawa mnene.

Kwa hiyo kubadili pikapu kuna faida. Hata hivyo, nilimshauri kijana aanze na nyuzi mpya. Kisha achukue bisibisi, aishushe pikapu kidogo, kwani ikikaribia mno sumaku huzivuta nyuzi na mlio hukatika mapema. Akague na waya unaokwenda kwenye amplifaya.

Sauti ikibaki mbovu, hapo atafute pikapu. Lakini asiiharakishe baiskeli sokoni. Ndiyo inayompeleka mazoezini kila jioni, na pikapu haipeleki ila kile kilichotoka vidoleni.

Tukijaliwa, tukutane wiki ijayo.