Majina ya Mwanya wa Latema

(Maneno ya walimu siku ya kumbukumbu)

Sisi walimu tumepewa dakika chache, nasi tunazitumia kwa jambo la majina.

Tulipokwenda semina Mbale, njiani tulisimama Jinja tukaingia katika makaburi ya askari wa Vita Kuu ya Pili. Nyasi zimekatwa, mawe yamejipanga kama wanafunzi asubuhi. Namba, cheo, jina, kikosi cha KAR. Mmoja wetu akauliza: na wale wa vita ya kwanza, waliotolewa huku Busoga na Bukedi wakabebeshwa mizigo ya jeshi, wamelala wapi?

Twende Taveta, mpakani mwa Kenya na Tanzania, pale njia ya Moshi inapopenya kati ya vilima viwili, Latema na Reata. Tarehe 11 Machi 1916, jeshi la Jenerali Smuts liliushambulia mwanya huo ulioshikwa na Wajerumani pamoja na askari wao Waafrika. Mchana lilirudishwa nyuma, na Luteni Kanali Graham wa KAR akauawa. Usiku wakapanda tena kwa singe. Kulipokucha tarehe 12, Wajerumani walikuwa wamekwisha kuondoka.

Hayo yote yameandikwa, hata saa zake. Lakini katika vita ile nzima nyuma ya bunduki walikuwapo wapagazi, na risasi, unga na maji vilipita juu ya vichwa vyao. Kuhara na homa viliwaua wengi kuliko risasi. Nairobi wana sanamu, na maandishi yake yasema kwamba anayepigania nchi yake, hata akifa, wanawe watalikumbuka jina lake. Jina lenyewe halikuandikwa! Mwaka 2021 Tume ya Makaburi ya Vita ya Jumuiya ya Madola ilitoa taarifa ikakiri kwamba watu wasiopungua 116,000, wengi wao wa Afrika Mashariki na Misri, hawakukumbukwa kwa majina au hawakukumbukwa kabisa. Miaka zaidi ya mia imepita. Atakayewataja leo atatoka wapi?

Na sisi, ndugu zetu, tumepita milima yetu. Kila mmoja hapa anajua mahali alipomwacha mtu, chini ya mti au kando ya mto, bila jembe la kuchimbia. Kadi ya mgao huhesabu walio hai. Hatuilaumu, ndiyo kazi yake.

Basi kuanzia Jumatatu, baada ya masomo, tutakaa darasa la tano na madaftari. Njooni mtutajie wenu: jina, jina la baba, kijiji, mahali alipobaki. Watoto wachanga pia, hata ambaye alikuwa hajapewa jina. Tutaandika mtoto wa fulani. Asiyekumbuka mwaka aseme yalikuwa majira gani, mahindi yalikuwa yamefika wapi.